Aliyeifunga Akaunti ya Msimamizi

Tegueni hiki kabla hatujaenda mbali: mwenye nyumba ana ufunguo mkononi, kufuli ni lake, mlango kauchonga mwenyewe, na bado yuko nje anagonga.

Wapo watakaosema ni mlevi, nao hawajakosea sana. Lakini Ijumaa ile jibu lilikuwa Fundi Seva, ambaye hakuwa amekunywa kitu ila chai iliyopoa.

Fundi Seva ndiye aliyetunza kompyuta zote za hospitali. Chumba chake kilibanwa kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, chembamba, chenye baridi ya kiyoyozi, na ndani yake ulikaa mtambo mweusi, seva yenyewe, ukinguruma kama mzee aliyelala baada ya kushiba. Kompyuta zote za hospitali zilipata akili kutoka humo. Na juu ya akaunti zote za mtambo huo kulikuwa na moja yenye amri kuliko nyingine, akaunti ya msimamizi. Msimamizi ni yeye.

Akaandika neno la siri. Skrini ikamjibu: Akaunti hii imefungwa. Tafadhali wasiliana na msimamizi.

"Msimamizi ni mimi," Fundi akaiambia.

Skrini haikubadili kauli.

Chanzo chake kilikuwa wakaguzi. Walikuja mwanzoni mwa wiki na viatu vyao vinavyolia, wakagundua kwamba neno la siri la msimamizi halijabadilishwa tangu seva inunuliwe. Wakamwambia abadilishe. Akabadilisha siku hiyohiyo, mtu mtiifu. Tangu hapo akaunti haikai wazi. Sheria ya seva ni kwamba mtu akikosea neno la siri mara kadhaa mfululizo, inamhesabu kuwa mwizi na kufunga. Sheria hiyo aliiweka Fundi mwenyewe, na siku aliyoiweka alijisifu mbele ya watu. Alikuwa na akaunti ndogo ya akiba ya kufungulia kufuli. Akifungua, anageuka kuchukua kikombe. Akirudi, imefungwa tena. Palikuwa na mtu, mahali fulani, anayebisha hodi kwa jina lake na ufunguo wa zamani.

Haya yote yangekuwa mambo ya chumba cha baridi tu, kama si mkewe kujifungua.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, katika wodi ya wazazi ya hospitali hiyohiyo. Daktari alishawapima na kusema waende nyumbani. Lakini mtoto mchanga hatoki getini bila karatasi ya ruhusa, na karatasi hiyo hutoka kwenye printa ya wodini, na programu inayoiamuru printa hutumia jina la msimamizi. Msimamizi akifungwa, printa inanyamaza. Ruhusa ya kuandikwa kwa mkono ilishapigwa marufuku. Fundi ndiye aliyesimama kwenye kikao, akagonga meza, akasema zama za kalamu zimekwisha. Na daktari wa kuidhinisha angeondoka kazi ikiisha jioni ile, asionekane hadi Jumatatu.

Simu ikalia. Mkewe.

"Baba mtoto, mwanao hata jina hana na tayari ni mfungwa."

"Nashughulikia."

"Jana pia ulikuwa unashughulikia. Jirani yangu hapa anakoroma mpaka dripu inatikisika. Nikilala hapa mpaka Jumatatu, nitakaporudi nyumbani usinisemeshe."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mama mkwe, ambaye hakuwa na desturi ya kunong'ona: "Mwulize, kama kazi imemshinda aseme tutafute fundi."

"Umesikia?" mkewe akauliza.

"Nimesikia."

Mama mkwe alikuwa amekuja kumuuguza binti yake. Tangu siku ya posa hakuwahi kuelewa Fundi anafanya kazi gani hasa. Alijua kwamba anakaa chumbani na mashine, kwamba cheo chake ni Msimamizi, na kwamba hakuna mtu anayemsimamia. Fundi kwa upande wake alimwogopa kwa adabu zote. Akizungumza naye hutazama kitu kingine kilicho karibu, kiti au dirisha, kitu kisicho na macho.

Mganga mkuu naye akaja mlangoni, mtu mrefu anayeinama hata pasipohitajika.

"Fundi, wodi imejaa wanawake waliopona. Wengine wanakuja na uchungu, hakuna kitanda. Shida ni nini?"

"Kuna kifaa kinatumia neno la siri la zamani, Daktari. Nikikipata nitakizima."

"Kiko wapi?"

"Ndilo swali."

"Basi lijibu," mganga mkuu akasema, akaondoka akiwa bado ameinama.

Fundi akaanza kusaka. Alimshuku kwanza mtu wa dawa, kwa sababu mtu wa dawa alikuwa na tabia ya kushukiwa. Akaenda kwenye dirisha la dawa, akaikagua kompyuta yake nje ndani. Haikuwa na hatia, ila chini ya kibodi palikuwa na makombo ya biskuti ya kutosha kulisha kuku. Akaenda maabara, nako hakuna kitu. Ndipo akarudi kufanya ambalo angelifanya tangu jana lau asingekuwa na haraka: akakaa, akasoma taarifa za seva. Maana seva huandika kila anayebisha, jina na mlango aliopitia.

Aliyebisha alipitia mlango wa barua pepe. Fundi akafuata huko. Huko akaambiwa ni simu, si kompyuta. Akaangalia mitambo ya waifai iliyotundikwa darini kila wodi, kuona ni upi ulioikamata simu hiyo. Ulikuwa wa wodi ya wazazi. Na jina la simu lilikuwa limeandikwa wazi kabisa: SIMBA WA SEVA.

Fundi akashika tama.

Jina hilo alilibuni yeye mwenyewe, zamani, akiwa bado na nywele nyingi na maoni makubwa juu ya nafsi yake. Ilikuwa simu yake ya awali. Aliiunganisha na akaunti ya msimamizi ili seva ikipata homa imwarifu popote alipo. Mwaka jana aliponunua mpya, ile ya zamani akaifuta picha, akaivalisha kasha jipya la maua, akamzawadia mama mkwe kwa mikono miwili. Picha alifuta. Akaunti akaisahau. Na kwa kuwa neno la siri halikubadilishwa tangu hapo, simu ilikaa kimya mkobani ikiingia na kutoka kwenye seva ya hospitali kama mtu wa nyumbani, hadi wiki hii.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutaja mikoba ya wakwe, lakini hawakuweza kufikiria kila kitu.

Akapiga moyo konde, akaenda wodini.

Sista wa wodi alikuwa ameegemea printa kama mtu anayelinda maiti. "Bwana Msimamizi," akasema, "umetuletea karatasi, au umetuletea uso tu?"

"Nipe muda kidogo, Sista."

"Muda anao mkeo. Mimi nina zamu."

Kitandani mkewe alikuwa ananyonyesha, hakuinua macho. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Fundi akasimama, akaielekezea salamu nguzo ya kitanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akafungua mkoba, akatoa simu yenye kasha la maua, akaiwasha, akaikodolea macho, akaizima, akairudisha. Fundi akahesabu moyoni: hodi. Hajakaa sawa, mama mkwe akaitoa tena, akaiwasha. Hodi nyingine.

"Mama unasubiri simu ya mtu?" Fundi akaiuliza nguzo.

"Sisubiri simu. Nasubiri salamu." Akafunga mkoba kwa sauti. "Lakini anayepaswa kuzileta amenikasirikia, sijui nilimkosea nini."

Mkewe akainua macho. "Nani, mama?"

"Mumeo."

Jirani akaendelea kukoroma.

"Mimi?" Fundi akauliza.

"Wewe. Mwaka mzima hujakosa asubuhi hata moja. Nikiamka tu, nakuta umeniandikia: Kazi ya usiku imekamilika. Hakuna hitilafu. Chini umetia cheo chako, Msimamizi. Nawasomea majirani, nawaambia, nyie wakwe zenu wanawapigia mkiwa mnaumwa; wangu mimi ananiripotia kazi kila alfajiri. Mara moja tu uliniandikia jambo la huzuni."

"Jambo gani, Mama?"

"Nafasi imebaki kidogo sana, chukua hatua. Nikaelewa. Ndiyo maana sikuja likizo ile. Nilijua nyumba yenu ni ndogo na umeona haya kuniambia kwa mdomo."

Mkewe alimtazama Fundi, akamtazama mtoto, kisha akautazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka kidogo.

Fundi alikuwa akiijua vizuri sentensi ile ya kila alfajiri. Aliiandika mwenyewe, ili seva iitume ikishamaliza kunakili mafaili usiku. Hiyo ya nafasi ilihusu diski ya seva iliyokaribia kujaa. Yeye mwenyewe jumbe hizo hazikumfikia, kwa kuwa alishaiamuru seva izitupe kwenye sanduku la pembeni, zisimsumbue.

"Wiki hii zikakatika," mama mkwe akaendelea. "Naja kumuuguza mkeo, nakaa nawe paa moja, na salamu unanikatia. Naifungua hii simu kutwa, labda umeandika. Kila nikiifungua inaniambia neno la siri si sahihi. Nikasema, ala, mpaka na siri tena."

Hapo Fundi akauona mzunguko wote. Kadiri karatasi ilivyochelewa, mama mkwe alihangaika. Kadiri alivyohangaika, aliifungua simu. Kadiri alivyoifungua, seva ilifunga. Na seva ikifunga, karatasi haitoki. Binti yake alikuwa anafungiwa na mkoba ulio umbali wa mkono mmoja.

Angeweza kuandika neno jipya la siri ndani ya simu ile, hodi zikaisha palepale, karatasi ikatoka, na salamu za alfajiri zikaendelea. Kidole kilimwasha. Lakini basi funguo za hospitali nzima zingerudi nyumbani kwenye mkoba, pamoja na kitana na dawa ya kikohozi. Akaiacha nguzo ya kitanda, akamtazama mama mkwe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, aliyekuwa anakuandikia si mimi. Ni mashine. Maneno ni yangu, lakini mashine ndiyo inayotuma, hata nikiwa nimelala. Na simu hii ndiyo inayofunga akaunti. Ilikuwa yangu, nikasahau kuisafisha. Kosa ni langu. Nikitoa akaunti ndani yake, mwanao anakwenda nyumbani leo."

Mama mkwe akaushika mkoba kwa mikono miwili.

"Mashine," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa nikiijibu."

"Ulikuwa unajibu?"

"Kila asubuhi. Ningenyamaza kama sina adabu?" Akamkazia macho. "Nayo majibu yangu yamekwenda wapi?"

"Yapo. Yako sandukuni kwenye seva. Hakuna lililopotea."

"Umeyasoma?"

Sista wa wodi, ambaye hakuwa akisikiliza, aliacha kupumua.

"Sijayasoma," Fundi akasema.

Mama mkwe akatafakari. Kisha akafungua mkoba, akampa simu kwa mkono mmoja, akitazama dirisha.

"Toa kitu chako. Picha za mjukuu usiguse."

Fundi akaitoa akaunti mbele yake, hatua kwa hatua, kila kitufe akikionyesha kabla ya kukigusa. Akamrudishia simu, akatoka karibu anakimbia. Kule kwenye chumba cha baridi akafungua akaunti ya msimamizi kwa mara nyingine, akakaa akiitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Ikakaa. Akanywa chai, makusudi, akageuka. Iko wazi. Akaamsha programu ya ruhusa, na kupitia ukuta wa stoo ya mashuka akasikia shangwe za Sista.

Wakati printa ikitapika karatasi za wodi nzima, Fundi akafungua lile sanduku la pembeni. Yalikuwa mengi. Ahsante mwanangu, nenda kalale. Pole na kazi, umekula? Mvua imenyesha huku, mahindi yamesimama. Siku ile ya nafasi alikuwa ameandika: Msijali, Mungu huwapa wakubwa nyumba kubwa, mimi nitakuja mkiwa tayari. Fundi alikuwa bado anasoma simu ilipolia.

"Daktari ameidhinisha, karatasi ninayo," mkewe akasema. "Wewe uko wapi?"

"Nasoma barua za mama."

"Zisome ukija. Beba na begi."

Getini mlinzi aliisoma karatasi polepole, mdomo ukimcheza. Akalinganisha mtoto na jina, ingawa jina bado halikuwepo. Akatazama mama. Akatazama baba na begi. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Bibi huyu hayumo kwenye karatasi."

"Mimi sikulazwa," mama mkwe akasema.

"Sheria ni karatasi, bibi. Ulizeni huyo, ndiye aliyeileta."

Wote wakamgeukia Fundi. Akaweka begi chini.

"Ngoja niende nikabadilishe," akasema.

"Hutakwenda popote," mama mkwe akamwambia, akampita mlinzi, akaunyanyua ufito wa geti kwa mkono wake, akamkabidhi mlinzi. "Shika hapa, mwanangu. Mtoto anapita."

Mlinzi akashika.