Damu ya Mwezi wa Tatu

Shamira alikuwa na ugonjwa wa tezi uliomvimbisha shingo, na madaktari wa utafiti mjini Mbale walikuwa wamemwandikisha. Kila mwezi walimtoa damu, wakampa vidonge vya bure. Walimsihi asikose siku yake.

Mwezi wa tatu siku hiyo ilimkuta kitandani, nyumbani kwake Namatala, malaria imemlaza hata kikombe hakishiki. Mdogo wake Madina alikuwa amekuja kutoka Jinja kumuuguza.

"Nenda wewe," Shamira akamwambia. "Sura zetu moja. Nikikosa watanitoa, na vidonge nitapata wapi?"

"Na shingo, dada? Yangu haina kitu."

"Jifunge mtandio. Wanataka damu, hawaji kukuposa."

Madina akacheka, akachukua kadi, akaenda. Nesi Patience alikuwa mgeni pale. Alisoma namba ya kadi, akampima uzito akaulinganisha na wa mwezi uliopita, uso hakuutazama sana.

"Mama, naona umeanza kunenepa."

"Dawa zenu nzuri," Madina akajibu, akatia sahihi kwa jina la dada yake.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Damu imetulia, walisema. Vidonge vipungue kutoka vitatu hadi kimoja, na arudi baada ya miezi mitatu.

"Twende tukaseme ukweli," Madina akasema.

"Ukisema, umenifukuzisha. Siku yangu ikifika watapima wenyewe."

Madina akarudi Jinja, akanyamaza. Kila alipopiga simu alisikia pumzi fupi fupi. "Moyo unanikimbia hata nikikaa," Shamira alimwambia, kisha akageuza maneno, akauliza habari za watoto.

Mwezi wa tano Shamira aliteleza uani akichukua maji ya udhu. Kuanguka kudogo tu, lakini nyonga ilivunjika. Hospitalini walisema ugonjwa ulikuwa umeila mifupa yake miaka mingi, na sasa moyo umechoka. Siku ya tatu akafa.

Madina alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alipofika shingoni, mkono wake ulikawia.

Baada ya khitma alikwenda kwa Daktari Rupal, mkuu wa utafiti, akaweka kadi mezani.

"Damu ya mwezi wa tatu ni yangu."

Daktari alifungua faili, akasoma, akasoma tena. "Kwa nini mlifanya hivi?"

"Alikuwa na malaria. Aliogopa mtamtoa."

"Mtu akiugua hatumtoi, mama. Tungemfuata nyumbani. Namatala si mbali."

Huko nje Patience alikuwa akiita namba ya mgonjwa mwingine.

Daktari Rupal akapiga mstari juu ya majibu ya mwezi wa tatu, akamsogezea kalamu atie sahihi kando yake. Safari hii Madina aliandika jina lake mwenyewe. Herufi zilifanana sana na zile za sahihi za dada yake za miezi iliyotangulia, kwa kuwa Shamira ndiye aliyemfundisha kuandika.