Kahawa ya Maziko ya Petra

Ufunguo wa jiko la kanisa ulikuwa mfukoni mwa aproni ya Tilda Ostrem, na asubuhi ile aliuona mzito kama jiwe. Shoga yake Petra Skogen alikuwa anazikwa mchana, na akina mama wa Brenford walikuwa wameapa kwamba hakuna atakayewapikia waombolezaji kahawa.

Kosa la Petra lilikuwa kumzaa Harlan, mwandishi wa riwaya, aliyeuanika mji mzima kitabuni ili watu wa New York wacheke. Majina aliyabadili, lakini nani asiyejijua? Mwenye benki alijiona. Mchungaji alijiona. Tilda naye alijikuta humo: mjane anayeshika ufunguo wa jiko kana kwamba ni wa mbinguni, anayesali kwa sauti ili majirani wasikie. Tangu siku hiyo husali kimoyomoyo. Kila akifungua mdomo, humsikia Harlan akicheka.

"Usithubutu, Dada Tilda," alisema Malvina Rask, mwenyekiti wa akina mama, akiziba mlango wa kanisa kwa mwili wake. "Akanywe kahawa kwa mabwana zake wa New York!"

"Aliyekufa ni Petra, siyo Harlan."

"Petra si ndiye aliyekiweka kile kitabu sebuleni, juu ya kinanda, kila mgeni akione?"

"Angekuwa mwanao ungekiweka wapi? Kwenye banda la kuku?"

Malvina akabetua midomo, akaondoka zake.

Tilda akashuka ukumbini, chini ya kanisa, akafungua jiko, akauweka ufunguo mezani, akawasha moto. Alivunja mayai, akayaponda pamoja na maganda yake ndani ya kahawa iliyosagwa, akamimina yote kwenye birika la maji yanayotokota. Mayai huyazamisha machicha, na hivyo ndivyo kahawa ya maziko inavyotulia na kung'aa. Hivyo ndivyo Petra alivyompikia siku Tilda alipomzika mumewe, na ukumbi ulijaa hadi watu wakanywa wamesimama.

Baada ya maziko alishuka Harlan peke yake, theluji mabegani.

"Mama Tilda, wengine wako wapi?"

"Wamesoma kitabu chako, mwanangu."

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Akaketi. Akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama angeumia," alisema.

"Angeumia sana."

Lakini Tilda alikuwa anayatazama macho yake. Yalikuwa mekundu kwa kulia, na bado yalipita polepole juu ya viti vitupu, yakapita kwenye vikombe vilivyopangwa, yakatua juu ya ufunguo pale mezani.

"Utaliandika na hili?"

"Sijui, Mama."

Alijua. Na Tilda aliona kwamba anajua.

Angeweza kuuficha ufunguo mfukoni. Aliuacha palepale. Akasimama, akafumba macho, akamwombea Petra kwa sauti, kwa sauti kubwa kabisa, hata waliokuwa barabarani wakasikia.