Magoli Yaliyosikika Stesheni

Siku ile timu ya Étincelle ya Kolwezi walipotoka nyuma kwa mabao mawili wakawafunga wageni wa Likasi matatu kwa mawili, katika uwanja wao wenyewe wa Manika, Séraphin Kabemba alisimama pamoja na watu wote, akainua mikono pamoja na watu wote, lakini sauti haikumtoka. Upande wake wa kulia, kwenye ngazi ya saruji ambapo rafiki yake Kanyinda alikuwa amekaa kwa miaka kumi na minne, palikuwa wazi. Uwanja ulikuwa umefurika, watu wamepakatana, wengine wamening'inia ukutani, na bado hapana aliyekaa pale.

Baada ya goli la tatu mashabiki walianza wimbo wa timu, ule ambao kiongozi huimba mstari mmoja kisha ngoma hujibu mara tatu. Wapiga ngoma wote walikuwa watu wenye asili ya Kasai. Uwanja mzima uliimba, ukafika mahali pa ngoma, ukanyamaza. Ukangoja kidogo. Kisha ukaendelea na mstari wa pili, na ulipofika tena mahali pale ukanyamaza tena. Mara ya tatu wimbo ulikufa wenyewe, watu wakaanza kushuka ngazi bila kutazamana.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tatu. Mgodi ulikuwa unakufa, mishahara haikuja, na wakubwa walikuwa wamewaambia watu kwamba njaa yao ililetwa na Wakasai. Basi vijana wakapita mlango kwa mlango. Watu waliozaliwa Kolwezi, ambao babu zao waliletwa kwa treni kuja kuchimba shaba, waliambiwa warudi kwao, kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Sasa maelfu walikuwa wamelala stesheni, wakingoja treni ambayo ilikuja ikitaka.

Kutoka uwanjani Séraphin aliwafuata wenzake kwa mama Henriette, nyuma ya soko. Bia ilikuwa imekuwa hadithi, hivyo watu walikunywa munkoyo, ule uji wa mahindi uliochachuka kidogo, wakaujadili mpira kana kwamba ni bia wanayokunywa.

"Mi nilisemaka," alianza Dodo. Dodo alikuwa fundi wa matairi, na tangu mwaka uliopita alikuwa mkuu wa vijana wa mtaa, alizoea kusikilizwa. "Nilisemaka, timu itacheza muzuri tukibakia siye benyewe. Mbili bila, na batoto hawakuogopa. Zamani tungekufa."

"Uliangalia match gani?" aliuliza tata Nkulu, mzee aliyeendesha treni za mgodini mpaka macho yalipomchoka. "Kipindi cha kwanza hatukuwa na beki. Pale katikati palikuwa barabara. Bale ba Likasi balipita sawa bantu benye kwenda soko. Na kipa, krosi inakuja juu, yeye anafunika macho."

"Na kipindi cha pili, tata?"

"Kipindi cha pili balibakia kumi. Refa alitosha mutu wabo na kadi nyekundu. Ukicheza kumi na moja juu ya kumi, kwako nyumbani, na hushinde, uache mupira, uende kulima mihogo."

Watu walicheka. Hata mama Henriette alicheka, akamwongezea mzee munkoyo. Ilikuwa karibu kama zamani.

"Na goli ya tatu?" Dodo hakukubali. "Ile kona. Ile haiko akili?"

Hapo ubishi ulipungua. Kila mtu alikuwa ameiona kona ile. Mpira haukupigwa juu kama wageni walivyotarajia. Ulipigwa chini, taratibu, kuelekea ukingo wa boksi. Mshambuliaji wa kwanza aliukimbilia kama anayetaka kupiga, kisha akauruka, ukampita chini ya miguu, na aliyekuwa nyuma yake akaupiga ukaingia. Na kila mtu aliyekuwa pale kwa mama Henriette aliwahi kuiona kona hiyo miaka mingi kabla, katika kiwanja cha vumbi cha kambi ya wafanyakazi, ambapo fundi umeme mmoja alipanga mawe badala ya mabeki na kuwarudisha vijana mara hamsini mpaka giza linaingia.

"Ni akili," alisema tata Nkulu. "Ni akili ya Kanyinda."

Jina hilo halikuwa limetamkwa mahali pale kwa wiki mbili. Mama Henriette aliweka jagi chini.

"Tata Nkulu, we ni muzee, nakuheshimia," alisema Dodo. "Lakini jina ile uache."

"Mi niko nasema mambo ya mupira. Goli ni ya nani?"

 Dodo alimgeukia Séraphin, aliyemwita yaya kama kaka mkubwa, akatabasamu kwa upole. "Yaya Séra, ni we unajua mambo ya bale bantu kuliko siye bote. Umwambie muzee."

Wote walimtazama. 

"Kona ilipigwa muzuri," alisema, akanywa.

Dodo alikuwa na sababu ya kusema vile. Séraphin alikuwa karani katika ofisi ya nyumba za wafanyakazi, na wiki tano kabla, Dodo na vijana wawili walikuja ofisini kwake mchana kweupe, wakavua kofia, wakaomba orodha ya nyumba za Wakasai wa kambi. Hawakumtishia. Dodo alisema tu kwamba ofisi nyingine zilikwisha kutoa zao. Séraphin aliweka karatasi kwenye taipureta, akaandika majina mia moja na kumi na mawili, na nambari ya nyumba mbele ya kila jina. Alipofika herufi ya K alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Kisha akaandika, kwa sababu Dodo alikuwa ameketi pale akimngoja, na kwa sababu kila mtu alijua Kanyinda anakaa wapi, na orodha bila Kanyinda ingeonekana ni ya mtu anayeficha. Ndivyo alivyojieleza. Usiku hakulala.

Asubuhi baada ya siku ya mechi, badala ya kwenda kazini, alitembea kwa miguu mpaka stesheni. Hakuwa amekwenda huko tangu watu walipoanza kujazana. Alipasikia mahali pale kabla ya kupaona, kwa kikohozi. Familia zilikuwa zimejipanga kandokando ya reli chini ya plastiki na mabati, na magodoro yamelowa mvua, na moshi ulikuwa chini, karibu na ardhi, ukipita katikati ya miguu ya watu. Wengi walimfahamu. Hawakumsalimu wala hawakumtukana. Macho yao yalimpitia kama mtu anavyopitia ukuta.

Alimkuta Kanyinda kwenye ukuta wa ghala. Mkewe Tshiela alikuwa amelala juu ya mkeka, amefunikwa kitenge, midomo imekauka.

"Tatu mbili?" aliuliza Kanyinda kabla ya salamu.

"Tatu mbili."

"Basi nilihesabu muzuri."

Séraphin hakuelewa. Kanyinda alinyoosha kidole upande wa Manika. "Upepo ulikuwa unakuja huku. Goli ya mugeni haina kelele, ni kama bantu bengi banavuta pumzi mara moja. Tulisikia mbili. Nikasema, leo tumekufa. Kisha kelele ya kwanza. Kisha ya pili. Ile ya tatu, ndugu yangu, hapa stesheni bantu balisimama. Hata Tshiela aliinua kichwa. Tulipiga makofi. Kisha kila mutu akamwangalia mwenzake, akakaa."

Watu walikuwa wamekwisha kuwasogelea. Mmoja alikuwa mpiga ngoma. Ngoma yake alikuwa ameigeuza akaweka sahani ndani. Wakaanza kumuuliza Séraphin, mmoja baada ya mwingine. Nani alicheza nafasi ya Ngeleka, beki aliyefukuzwa pamoja nao? Goli la kwanza la Likasi liliingia vipi? Ni kweli refa alimtoa mtu? Mpiga ngoma alisema timu ilishinda kwa bahati, mwingine akasema hakuna bahati ya magoli matatu, na wakabishana, watu ambao hawakuiona mechi, juu ya magoli waliyoyasikia kwa mbali. Séraphin alijibu kila swali. Alieleza mpaka koo likamkauka, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kutaka kuondoka. Walikuwa bado wanasema "siye". Siye tulikosa beki. Siye tulirudi kipindi cha pili.

Mtu mrefu alikuwa ameketi juu ya furushi lake, akisikiliza. Alikuwa Tshimanga, aliyelinda goli la Étincelle misimu sita. Mwishowe aliuliza, "Huyu Mumba, kipa mupya, alifungwa upande gani?"

"Goli ya upande wa soko. Zote mbili krosi za juu."

"Saa kumi hivi?"

"Ya pili, ndiyo. Ya kwanza kabla kidogo."

"Haiko kosa yake," alisema Tshimanga. "Ukikaa goli ile saa hiyo, jua linakuingia moja kwa moja. Hakuna mutu alimwambia. Ni mi ningemwambia." Alifungua furushi, akapekua, akatoa kofia ya kitambaa yenye ukingo mrefu, imepauka, jasho limechora mistari myeupe. "Umupe. Aivae chini kidogo, na krosi ikija asiangalie mupira kwanza, aangalie muguu ya yule anapiga."

Séraphin aliipokea kofia. Wengine walipotawanyika, alibaki amesimama mbele ya Kanyinda, na maneno aliyokuwa ameyabeba kwa wiki tano yakatoka bila mpango.

"Ile liste ya nyumba, ni mi niliandika."

"Najua," alisema Kanyinda. "Balikuja nayo mpaka kwa mulango. Nilisoma. Taipureta yako, herufi ya e inaruka juu ya mustari. Barua ya nyumba yangu ya kwanza, e ilikuwa inaruka vile vile."

Tshiela alikohoa. Kanyinda alimwinua, akamnywesha maji kwa kijiko, akamlaza tena, akamfunika vizuri. Hayo yote aliyafanya bila haraka.

"Sasa unataka nikuambie nini, Séraphin?"

"Usiniambie kitu."

"Basi. Sitakuambia kitu."

 Séraphin alikaa karibu saa nzima kando ya mkeka, kisha akaondoka.

Jumanne alikwenda mazoezini. Mumba, kijana mwashi mwenye mabega mapana, alikuwa anavaa glavu zake kando ya goli. Tangu mechi ile alikuwa amekonda uso. Séraphin alimpa kofia, akamweleza habari ya jua na ya mguu wa mpigaji.

"Ni ya nani?" aliuliza Mumba.

Dodo alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka hapo, pamoja na vijana wake. Séraphin aliona kwamba angeweza kusema ni ya zamani, aliiokota. Akasema kwa sauti iliyofika kila mahali, "Ni ya Tshimanga. Yeye iko stesheni, anangoja treni. Ni yeye anakutumia."

Mumba aliishika kofia kwa mikono miwili, akaitazama ndani, mahali pa jasho. Hakuivaa. Lakini hakuirudisha pia. Aliikunja, akaiingiza chini ya fulana yake.

Kesho yake Dodo alikuja ofisini. Safari hii hakuvua kofia. Alitaka orodha nyingine, ya wale ambao baba ni wa hapa na mama ni wa Kasai.

"Hapana," alisema Séraphin.

"Hapana nini, yaya?"

"Sitaandika."

Dodo alimtazama muda mrefu, bila hasira, kama anayekagua tairi kujua litafika wapi. "Na we, yaya Séra," aliuliza, "mama yako alizaliwa wapi?"

Mama yake alizaliwa Sandoa, katika mkoa huu huu, si Kasai. Séraphin aligundua kwamba jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni, limejipanga kutoka, na ndilo lililomtia hofu kuliko Dodo mwenyewe. Alifunga midomo mpaka yule mtu akaondoka. Mwezi uliofuata ofisi ilimwambia kazi yake imekwisha. Huenda ilikuwa kwa ajili ya siku ile, huenda ni kwa kuwa kazi za watu wote zilikuwa zinakwisha, hakuna aliyemweleza.

Treni ilikuwa imekuja Alhamisi ya wiki ile ile ya mazoezi. Séraphin alipofika stesheni alasiri, ukuta wa ghala ulikuwa mtupu, na wanawake wa mtaa walikuwa wanaokota mabati. Habari ya Tshiela ilimfikia baada ya mvua kwisha, kwa mdomo wa mfanyakazi wa reli: alifariki kabla ya kufika mji wa Kamina, behewa lilisimama dakika ishirini, wakamzika kando ya njia. Mfanyakazi yule hakukumbuka ni kilomita gani.

Ligi ya mwaka ule haikumalizika. Étincelle walicheza mechi nne zaidi, wakapoteza tatu, kisha hapakuwa na mafuta ya kupeleka timu popote.

Lakini mechi ya Likasi watu hawakuisahau. Mpaka leo, kwa mama Henriette, mtu akitaja kurudi kutoka nyuma, itatajwa ile, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa hubishana juu yake: kadi nyekundu, kona, bahati au akili. Tata Nkulu alikwisha kufariki, hivyo humwomba Séraphin aamue, kwa kuwa yeye alikuwepo. Huwaeleza goli la kwanza na la pili. Akifika la tatu huwaambia nani aliyeifundisha kona ile, jina zima, na kazi yake, na kiwanja alichopanga mawe.

"Na yeye iko wapi sasa, tata?" huuliza mmoja wao.

Séraphin huwajibu kwamba hajui, na ni kweli.