Funda Moja la Maji

Mgeni alipiga hodi kabla jua halijatoka, Jumapili ambayo Verdiana alikuwa amejiapiza kwamba hakuna kitakachoharibika. Alikuwa kijana wa kutoka Magole, ametembea usiku kucha kuja kutafuta kazi ya kukata mkonge. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Shikamoo, mama. Naomba maji."

"Marahaba. Karibu."

Verdiana akachota mtungini, akampa kata. Kijana akaishika tu, macho chini, asinywe. Verdiana akaelewa. Mgeni hanywi mpaka mwenyeji aonje kwanza, ijulikane maji hayana dawa ya mtu. Na kwa sheria ya Kanisa ya siku hizo, tangu saa sita ya usiku anayetaka kukomunika, kupokea Mwili wa Bwana, hakuruhusiwa hata tone la maji.

Akalitazama koo la yule kijana. Akaichukua kata, akapiga funda moja, akameza, akamrudishia. Kijana akanywa yote, akashukuru, akaenda zake.

"Wifi," sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Umemeza?"

"Nimemeza, Sesilia."

"Basi na mimi siendi."

Verdiana akafumba macho. Mume wake alikuwa na dada mmoja tu, na huyo mmoja alitosha kabisa. Mwaka mzima Sesilia hakuwa amekomunika. Mara kameza uzi wa mswaki, mara tone la mvua limemgusa ulimi. Padre alimwambia mate yake si chakula. Akarudi nyumbani akilia kwamba huenda amembishia padre moyoni. Na leo ndiyo mara ya mwisho padre kuja kwenye kambi yao ya mkonge kutoka Kilosa kabla muda wa komunyo ya Pasaka, iliyo amri kwa kila Mkatoliki, haujaisha. Akiikosa hii, hapo atakuwa na dhambi ya kweli, si hizi za kujitungia. Ndiyo maana Verdiana alikuwa amemwahidi kwamba watapiga magoti bega kwa bega.

"Hukomuniki tena," Sesilia alisema. "Ahadi imekufa."

"Niliahidi magoti. Magoti yangu hayajanywa maji."

"Lakini nimeyatamani yale maji, wifi. Nimemwonea wivu mgeni."

"Kutamani maji si kuyanywa."

"Na kukuudhi wewe?"

"Hilo nilikusamehe tangu mwaka jana. Jitande kanga, twende."

Kanisa la kambi lilikuwa banda, na mbele ya altare palilazwa gogo la kupigia magoti. Wakati wa komunyo Verdiana alimshika wifi yake mkono, wakapiga magoti pamoja. Padre alipomfikia Verdiana, akasimama. Verdiana akatikisa kichwa, midomo imefungwa.

Nyuma, kwenye benchi la akina mama aliowaongoza kila siku kwenye rozari, minong'ono ikaanza. Akaitambua sauti ya Anastazia, ambaye kufikia jioni angekuwa ameifikisha habari Kilosa nzima.

"Kafanya nini huyo?"

Masikio yake yakawaka moto. Angeweza kuinuka sasa, aseme kizunguzungu. Lakini bega lililogusana na lake lilikuwa linatetemeka.

"Wifi," Sesilia alinong'ona, "nadhani nimemeza mbu..."

"Fumbua mdomo," Verdiana alimwambia.

Sesilia akafumbua. Padre akamkomunisha, akapita.

Verdiana hakuinuka. Alibaki pale pale, mgongo wake mbele ya macho yote ya kambi, mpaka Sesilia alipomaliza kumeza.