Kiingereza cha Langoni

Mwaka juzi tulipolalamika kwamba tunapekuliwa vibaya langoni, tuliletewa benchi.

Sisemi utani. Mimi Rozina nakata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa Mwanza, na kila jioni tukitoka zamu mlinzi mwanaume anatupekua kutafuta mabondo. Bondo ni kile kibofu cha ndani ya samaki. Ni kitu kidogo tu, lakini wanunuzi wake wanakilipia zaidi kuliko samaki mwenyewe, kwa hiyo kiwanda kinaamini kila mwanamke anatoka na bondo kalificha mwilini. Labda wapo wanaoficha. Mimi sijawahi, na hata ningeficha, mkono wa Nkwabi mlinzi haukuwa na haki ya kufika ulikokuwa unafika.

Basi wanunuzi wa Ulaya walimtuma mtu wao aje kutuuliza hali ya kazi. Tukamweleza kwa Kiswahili, na mkalimani wa kiwanda akamwambia kwa Kiingereza kwamba akina mama pale langoni hawako “comfortable”, yaani hawajisikii vizuri. Mtu wa watu akaandika. Haukupita muda likaja benchi la rangi ya bluu, ili tukae vizuri tukingoja kupekuliwa. Nililitazama lile benchi nikatamani kulitupa ziwani pamoja na fundi aliyelitengeneza.

Safari hii tuliposikia anakuja mgeni mwingine, tena mwanamke, tukaapa Kiingereza tutakibeba wenyewe. Jumapili baada ya misa tukakutana Mkuyuni, uani kwa mwenzetu Sabina. Binti yake Justa, anayesoma chuo kule Nyegezi, ndiye aliyetupa maneno. Tuliyachagua kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, unaminya, unarudisha.

“Semeni ‘unpleasant experience’,” Justa akatuambia.

“Maana yake?”

“Jambo lisilopendeza.”

“Mvua kuninyeshea nimeanika dagaa ni jambo lisilopendeza,” nikamwambia. “Lete lingine.”

Akatoa “inappropriate touching”. Mwenzetu Bernadeta akauliza ndiyo nini hiyo, tukaambiwa ni kugusa kusikofaa. Bernadeta akasonya, akasema kugusa kusikofaa ni mtoto kushika mboga kabla hajanawa.

Nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Nikamwambia Justa kwamba huyo mzungu nataka auone ule mkono. Sitaki maneno yaliyofuliwa na kupigwa pasi. Nipe la mkono, nipe la nguo ya ndani, nipe la nguvu. Justa akaona haya, ana adabu yule mtoto, lakini akanipa: “He puts his hand inside my underwear, by force.” Nililikariri wiki nzima nikiwa mezani na kisu. Lilinitoka bila shida, na sababu naijua. Kijaluo nililelewa nacho, na kwa Kijaluo nisingeweza kutamka jambo hilo hata mbele ya dada yangu. Kiingereza hakikuwa na mama yangu ndani yake, nilikitaja kama namba ya simu.

Wenzangu wakanichagua niwasemee, kwa kuwa wanasema mdomo wangu hauna breki.

Siku yenyewe mgeni aliweka sharti kwamba bosi yeyote asiwepo chumbani. Meneja wetu, Maige, alikubali haraka mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nilipofungua mlango nikamkuta mgeni mezani na kalamu yake, na pembeni, kwenye kiti cha mkalimani, amekaa Otuoma.

Otuoma ni mume wa binti yangu Agutu. Ni karani wa stoo palepale kiwandani, na kila akiniona kwa mbali hugeuza njia, nami nageuza yangu. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wajaluo wa Shirati. Mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi pamoja kuongea, hawali pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Tangu amwoe Agutu, nikiwa na neno naye nilimtuma Agutu, hata kama kulikuwa na ukuta tu kati yetu.

Nikarudi nyuma. Maige alikuwa amesimama nje ya mlango, mikono mfukoni.

“Mkalimani anaumwa,” akasema. “Lakini huyu si mtoto wako, Mama Agutu? Jisikie huru.”

Maige huyu alikula pilau ya harusi ya Agutu, akaongeza na sahani ya pili. Ni Msukuma, na Wasukuma nao wanajua heshima ya mkwe. Alijua vizuri sana anachokifanya.

“Wewe ungemkalimania mama mkwe wako?” nikamuuliza.

“Kazi ni kazi. Ukishindwa tutamwambia mgeni hamna malalamiko.”

Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na mpaka leo namchukia. Nikaingia, nikamfungia mlango usoni.

Otuoma alikuwa ameshageuza kiti, ameukabili ukuta. Mgeni alimshangaa, akauliza kitu.

“Mama,” Otuoma akauambia ukuta, “anauliza kazi ikoje.”

Nilimtazama mgeni machoni nikatoa Kiingereza changu chote, kuanzia mkono mpaka nguvu. Sikukosea hata neno.

Shingo ya Otuoma ikainama. Hapo ndipo nilipoona nimejidanganya. Kiingereza kilinisitiri mimi nisiyekijua, lakini yeye alikisomea. Kila neno alilisikia na nyama yake yote.

Mgeni akaniuliza jambo, polepole, akarudia. Sikuelewa kitu. Kwa Sabina tulijiandaa kusema, hatukujiandaa kuulizwa. Akamgeukia Otuoma, naye akajibu mwenyewe bila kuniuliza, kwa sauti ndogo. Nililidaka neno moja tu: “unpleasant”. Mgeni akaanza kuandika.

“Mwambie afute,” nikasema. “Ameniuliza nini?”

“Mama, tafadhali.”

“Otuoma, ameniuliza nini?” Sikuwa nimewahi kumwita jina lake masikioni mwake.

“Anauliza mkono unafika wapi. Na kama ni kila siku.”

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nilimfikiria Agutu. Nilijua nikijibu, mwanaume huyu hatakanyaga tena uani kwangu, na wajukuu watakuwa wanaletwa na mama yao peke yake, sikukuu zote, mpaka nife. Lakini nilijua pia kwamba jioni ile Nkwabi angekuwa langoni, anatungoja, kwa sababu ya neno moja la kistaarabu.

Nikajibu. Nilijibu kwa Kiswahili cha wazi, mkono unafika wapi, vidole vinafanya nini, na Nkwabi anacheka vipi mtu akiwa katika siku zake.

“Sasa mwambie kama nilivyosema mimi,” nikamwambia Otuoma. “Usipunguze.”

Akasema. Aliyatoa maneno kama mtu anayetapika, moja moja, kipaji cha uso kimeegemea ukuta. Mgeni hakuandika lolote. Aliweka kalamu, akainuka, akachukua mkoba wake akauliza lango liko wapi.

Maige akamkimbilia kwenye korido akimwonyesha kwa mkono upande wa ofisini, eti kuna soda. Mgeni akampita bila kumtazama.

Nami nilikuwa natoka, Otuoma akanizuia mlangoni kwa sauti tu. Bado hakunitazama.

“Umenivua nguo leo, Mama. Mbele ya mgeni. Nitamwambia nini Agutu?”

“Mwambie ulikalimani vizuri.”

“Ungeweza kukataa. Ungeondoka.”

“Na wewe ungeweza kukataa kiti,” nikamjibu. “Ulijua ni mimi ninayeingia. Ulikaa.”

Akaenda zake upande wa stoo, mabega yamemshuka. Nilimhurumia na nilimkasirikia, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa. Hajafika kwangu tangu siku hiyo.

Langoni zamu ilikuwa imeanza kutoka. Mgeni alikuwa amesimama begani kwa Nkwabi, karibu kabisa, amekunja mikono. Nkwabi alikuwa ameficha yake mgongoni na anatazama chini. Bernadeta akapita. Wakapita wengine. Kesho sikuijua, na Maige hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, lakini jioni ile walipita.

Sabina hakuwa na habari kwamba mgeni yuko langoni. Alitoka amechoka, hakumtazama mtu, akafika mbele ya Nkwabi akainua mikono na kufumba macho, kama tulivyozoea. Hakuna aliyemgusa. Akaendelea kusimama hivyo hivyo, mikono juu, macho yamefumbwa kwa nguvu, anangoja, mpaka nikaenda nikamshusha mikono mimi mwenyewe.