Kivuli cha Mgeni wa Chumba Namba Nne

Jumatatu saa sita kamili mchana, Madam Eudoxie Prosper alimsimamisha mfanyakazi wake Germine katikati ya ua wa nyumba ya wageni, akapiga magoti na kisu cha kumenyea ndizi, akambandua kivuli. Kazi hiyo hufanyika saa sita tu, kivuli kikiwa kifupi chini ya nyayo. Ukijaribu saa nne au saa tisa kinachanika. Kubanduliwa hakuumi. Germine alisema kisu kinatekenya kidogo kwenye visigino. Madam alikikung'uta mavumbi, akakibandika miguuni pa mgeni wa chumba namba nne, mwanamke mmoja wa Norwe aitwaye Ingunn, aliyeshuka na boti asubuhi hiyo peke yake.

"Ukiwa na vivuli viwili hakuna atakayekusumbua," Madam alimwambia. "Ufunguo wako huu. Maji ya moto yanatoka asubuhi tu."

Ingunn aliuliza kifungua kinywa ni saa ngapi.

Hapa kisiwani Ti Morne wanawake wanaokuja kutembea peke yao hupewa kivuli cha kuazima tangu zamani. Ofisi ya utalii hailiandiki jambo hili kwenye vijitabu vyake, maana ingebidi ieleze kinahitajika kwa nini. Sababu yenyewe inakaa kutwa kwenye benchi la duka la ramu, pale kwenye kona ya barabara ya Anse Coco, na huanza kuita wanawake wakiwa bado mbali. Mwenye kivuli kimoja ataitwa, atafuatwa, na akinyamaza atatukanwa. Mwenye viwili huonekana yuko na mwenzake, basi benchi zima linakaa kwa adabu kama lipo kanisani.

Kivuli cha Germine kilifanya kazi vizuri, na tuseme ukweli, kilikuwa na kiherehere. Ingunn aliingia dukani kwa Bi Octavie bila kusema habari za asubuhi, kosa ambalo kwetu humfanya mtu auziwe mkate wa juzi. Kivuli kiliinama kwa niaba yake, na Bi Octavie akamfungia mkate wa moto. Mvua ilimkuta ufukweni, akakimbilia chini ya mti uliopakwa pete ya rangi nyekundu ya onyo, ule ambao maji yanayodondoka majanini mwake hubabua ngozi. Kivuli kilimdaka kifundo cha mguu, akaanguka mchangani, akalowa chepechepe, akabaki mzima. Alhamisi alitaka kuogelea upande wa upepo, mahali mkondo unapozoa watu. Kivuli kikakaa kitako na kukataa kuondoka, na mtu hawezi kwenda mbali na kivuli kilichokaa. Ingunn akasoma kitabu.

"Kivuli hiki kina ukaidi," alimwambia Madam.

"Kimemrithi mwenyewe."

Germine mwenyewe hakuwa na wiki nzuri. Madereva wa mabasi madogo hawambebi mtu asiye na kivuli, kwa sababu wafu ndio huwa hawana, na wafu hawalipi nauli. Kila siku saa kumi na moja Germine alitembea maili tatu kurudi kwao Anse Coco, na ilimbidi apite kwenye kona. Zamani wanaume wa benchi walimwita tu. Sasa kwa kuwa hana hata kimoja, wakawa wanasimama. "We bibi, umekiacha kwa bwana gani?" walimuuliza, wakacheka. Jumatano mmoja wao alimshika mkono, akamwachia baada ya wenzake kucheka vya kutosha. Germine aliogopa, na kesho yake alimwambia Madam waziwazi kwamba anaogopa.

"Vumilia mpaka Jumapili, mwanangu. Mgeni akiondoka kinarudi miguuni pako."

Hapo ndipo mpango ulipoharibika. Boti ya Jumapili imeandikiwa saa tano asubuhi, na haijawahi kuondoka kabla ya saa nane. Nahodha hula ndizi mbichi na samaki wa chumvi kwa dada yake, hubishana juu ya domino, ndipo aanze kuitafuta kofia. Kwa hiyo Madam alipanga, kama mtu yeyote mwenye akili, kumbandua Ingunn kivuli saa sita palepale gatini, na kisu alikuwa nacho kwenye kitambaa. Jumapili hiyo nahodha alikuwa amegombana na dada yake. Saa tano kamili akafungua kamba.

Watu walitoka majumbani kuangalia boti iliyoondoka kwa wakati. Wengine walizitikisa saa zao. Bi Octavie alikaa chini, akaomba maji. Germine peke yake alikuwa akiangalia sitaha, ambako kivuli chake kilijikunja ukingoni na kumpungia mkono, huku Ingunn akijipaka mafuta ya jua.

"Kimekwenda," alisema Germine.

"Atakituma kwa posta," alisema Madam. "Ni watu waaminifu wale."

Barua ilifika baada ya wiki tano, bila kivuli. Ingunn aliandika kwamba kivuli hakijambo. Kwamba kwao majira haya jua halichomozi kabisa, hivyo kinashinda kwenye droo ya soksi na hakisumbui. Kwamba yeye mwenyewe sasa hapati usingizi bila kujua kimo humo. Aliandika pia kuwa amewaambia rafiki zake wote kwamba Ti Morne ni kisiwa salama kabisa kwa mwanamke anayesafiri peke yake. Madam aliisoma sehemu hiyo mara mbili kwa sauti, akaibandika ukutani karibu na funguo. Wiki hiyohiyo rafiki mmoja akaomba chumba.

"Mwambie mdogo wako Ketty aje Jumatatu kabla ya saa sita," Madam alisema. "Ana umbo pana yule, kivuli chake kitamtosha mgeni yeyote."

"Na sisi, Madam? Nani atatusindikiza sisi?"

Madam alimtazama kwa huruma ya kweli, maana alimpenda. "Nyinyi mko kwenu, mwanangu. Kwenu mtu anasindikizwa?"

Jumatatu Ketty alikuja, akasimama uani, akacheka kisu kilipomtekenya visigino. Saa kumi na moja mtu na dada yake wakatoka pamoja, bila kivuli hata kimoja kati yao. Basi likawapita bila kupunguza mwendo. Kabla ya kufika kwenye kona ya duka la ramu, Germine aliokota jiwe kando ya barabara, akalipima kiganjani, akampa Ketty, kisha akainama kutafuta la kwake.