Arobaini na Moja kwa Tatu

…na kama ni namba basi namba ziseme zenyewe, ndiyo maana Maduhu alishanyoosha mkono, na yule binti Violeth, afisa rasilimali watu, akamwambia kwa adabu zote, "Subiri kidogo mzee wangu, nimalizie hapa," basi akaushusha mkono mezani kando ya kikombe cha chai, vidole vikiwa vimeibana karatasi aliyoikunja mara nne tangu nyumbani, karatasi yenye namba mbili tu, arobaini na moja na tatu, arobaini na moja ni hatari zilizoripotiwa zamu ya Edson mwaka huu, tatu ni za zamu yake yeye, tatu! na mojawapo nyoka aliyeingia chooni, nyoka naye ni kosa la mkuu wa zamu?… arobaini na moja kwa tatu, hata mpira haufungwi hivyo, halafu huyo mwenye arobaini na moja ndiye wanataka kumfanya mkuu wa zamu zote, kiwanda kizima cha kuchenjulia dhahabu kiwe chini yake, mbele ya meneja, leo, saa nne hii ya asubuhi, mwenye pingamizi aseme, na Maduhu anasema, akimaliza tu huyu binti anasema. "Zamani tulichagua kwa macho," Violeth aliendelea, nyuma yake ukutani projekta ikionyesha nguzo mbili za chati, moja ndefu ya njano, moja fupi mpaka inatia huruma, "nani ana sauti, nani anaogopwa, nani kakaa miaka mingi, sasa tunataka tuone ushahidi kwanza ndipo tumpe mtu watu…" miaka mingi, hilo ni jiwe karushiwa nani kama si yeye, miaka kumi na minne mkuu wa zamu, alianza na sururu Maganzo akitafuta almasi kabla huyu binti hajajua kufunga viatu, na cheti kipo sebuleni kwake, kwenye fremu, kando ya picha ya mwanawe Loveness ya kipaimara, Zamu Yenye Taarifa Chache za Hatari, miaka mitatu mfululizo, meneja aliyepita alimpa mkono na kupigwa picha, na sasa kipi kimebadilika, mawe ni yale yale, karasha la kuyasaga ni lile lile, kilichobadilika ni Edson… mtazame, kakaa pale mkabala, hata hafanyi kitu, anazungusha kalamu, na hicho ndicho kinachomuuma Maduhu, kwamba yule hafanyi kitu na watu wanamfuata, anakula nao sahani moja, wanamwita Edi, Edi! mtu na cheo chake, na mama yake alipofariki Sengerema mabasi mawili yalijaa, watu wakasimama njia nzima, na kati yao vijana wa zamu ya Maduhu, aliwahesabu mwenyewe, tisa, wakati baba yake Maduhu alipozikwa Songwa alikuja dereva wa kampuni na bahasha, bahasha na dereva, na dereva akawa na haraka… aliliweka moyoni, hakumwambia hata mkewe, angesema nini, kwamba ana wivu wa msiba? Lakini ndio, wivu, auite nini, ulimkaa kooni tangu siku ile na kila asubuhi wakikabidhiana zamu anaumeza na unarudi.

"…wengi tukiona nguzo ndefu tunasema hapa kuna hatari nyingi," anasema Violeth, ehe, sema mama, sema, Maduhu akajivuta mbele, karatasi ikalowa jasho, "lakini mitambo ni ile ile, mkanda wa kubebea mawe ule ule, kinachopishana ni watu wanaousimamia, kwa hiyo tukauliza swali moja, bila majina, ukiona hatari unamwambia nani?" akabonyeza na nguzo ndefu ikagawanyika, sehemu ya juu ikawa nyekundu, "hizi nyekundu ni kumi na tatu, zimeandikwa na Edson lakini zimeletwa na watu wa zamu nyingine," zamu nyingine, kiwanda kina zamu mbili, binti, taja jina basi, mtu yeyote humu ndani anajua kuhesabu mpaka mbili… kumi na tatu, walimwacha yeye pale ofisini, mlango wazi, wakaenda kumsubiri mwingine getini, kama mke anayepika kwako na kwenda kulilia shida zake kwa jirani, kumi na tatu, damu ilimpanda masikioni hata sauti ya binti ikawa inakuja na kukatika, "…mfano mmoja… Jumatano tarehe kumi na tisa Februari… kinga ya mkanda namba mbili imelegea, nati mbili hazipo, aliyeleta ni mtu wa karashani… fundi akapangiwa Ijumaa…" Jumatano. Ijumaa. Na siku ya katikati binti hakuitaja, lakini nani hakumbuki Alhamisi, Deusdedit, kijana wa zamu yake, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokatwa na mkanda, kitambaa cha kichwani kwa dada wa usafi ndicho walichomfungia, na Maduhu aliandika kwa mkono wake mwenyewe, uzembe wa mfanyakazi, kwa sababu ulikuwa uzembe, mtu mzima unapelekaje mkono… mtu wa karashani, nani, nani alimpelekea Edson, Ngassa, si mwingine ila Ngassa, yupo hapo nyuma kabisa kama mwakilishi wa wafanyakazi, mnafiki, miaka sita chini yangu na hata siku moja hajawahi kuja kuniambia… alikuja. Alikuja, si alikuja? Jumanne ile. Saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, kutoka karashani mpaka ofisini ni mwendo wa robo saa na viatu vile vya chuma, akasimama mlangoni, kofia ngumu kaishika kifuani kwa mikono miwili, "Mwadila, mkuu," kwa Kisukuma kwanza, halafu "Shikamoo," na Maduhu alikuwa anapanga ratiba ya wiki, "Marahaba. Haya," bila kuinua macho, na Ngassa akaendelea kusimama, jasho linadondoka sakafuni, hilo alilisikia, tap, tap, akauliza, "Nini tena?" na hiyo tena ndiyo iliyozoeleka mdomoni, kila mtu alipewa tena yake, na Ngassa akasema, "Hakuna neno mkuu, nimekuja kukusalimia tu," akarudi. Robo saa kwenda, robo saa kurudi, chakula chake cha mchana kimelala, kusalimia tu! Na nyumbani jioni, Mungu wangu, nyumbani jioni alimwambia Mama Loveness, unaona vijana wangu, wanatoka kule karashani juani kuja kunipa shikamoo, huyo Edson wake wanamwita Edi tu, wangu wananiheshimu, na Mama Loveness akamtazama akasema, "Juani lote hilo? Hakuwa na shida huyo?" naye akacheka, akaomba aongezewe mchicha… mwanamke aliyelelewa Kolandoto kati ya ng'ombe wa baba yake aliliona hilo akiwa jikoni, kwamba mtu haji na mzigo wake kuutupa miguuni pako, anakusalimia, anasubiri umuulize, habari za kazi, za watoto, karibu ukae, tangu lini Msukuma akaanza na shida, na yeye mwenyewe ni Msukuma, ameulizwa hivyo na baba yake maisha yake yote… akamuuliza Ngassa nini tena. Na Alhamisi asubuhi Edson kwenye makabidhiano, "Mzee, uangalie mkanda namba mbili leo, vijana wanasema kinga imelegea, fundi anakuja kesho," vijana wanasema, hayo maneno mawili ndiyo yaliyomchoma, vijana wangu wanasema kwako? akajibu, "Mkanda wangu naujua," hakwenda kuangalia, na hakwenda si kwa kusahau, Maduhu, hukusahau, ulipita umbali wa hatua ishirini na ukageuza uso kwa makusudi, kwa sababu kuangalia kungekuwa kumtii, na saa nne na nusu Deusdedit akapiga kelele… tatu. Nyoka, bomba la maji, balbu ya stoo. Mwaka mzima watu arobaini wanaona hatari ngapi na yeye kaambiwa habari za balbu, halafu uchache kama huo akaupeleka kwa fundi wa fremu, akaweka na kioo.

Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Nguzo mbili ukutani hazijasogea, Edson bado anazungusha kalamu, na wivu uko pale pale, hakuna aliyeuondoa, ila sasa Maduhu aliona ulikotoka, hakuwa anamwonea Edson wivu wa cheo, alikuwa anamwonea wivu wa ule mlango ambao watu huingia wakakaa… "Haya mzee Maduhu," Violeth akasema akitabasamu, "samahani kwa kukusubirisha, ulinyoosha mkono, una la kusema kuhusu Edson?" na meneja akageuka, na wote wakageuka, na karatasi ile kiganjani ikawa na uzito wa tofali, arobaini na moja kwa tatu, akasimama, akajisafisha koo, akafungua mdomo kusema jina la Ngassa, kusema Jumanne, kusema nilipita hatua ishirini, na maneno yakagoma, yakasimama mlangoni na kofia kifuani, hakuna aliyemuuliza zaidi, hakuna aliyemwambia karibu ukae.

"Hakuna neno," akasema, "nilitaka kuwasalimia tu."

Ukumbi mzima ukacheka, meneja naye akacheka, hata Edson, na kule nyuma kabisa Ngassa peke yake hakucheka.